Sukari ya Alasiri: Mgonjwa wa Kisukari Anapoandikiwa Vidonge vya Steroidi

Twapenda juma hili kuzungumza na familia zetu juu ya jambo la afya ambalo tumeulizwa zaidi ya mara moja katika ziara zetu za darasa huko Ndara, upande wa Voi. Swali huja kwa sura nyingi, ila kiini chake ni kimoja. Mtu ana kisukari tangu miaka, amezoea dawa zake na chakula chake, na sukari yake imetulia. Kisha anapatwa na maradhi mengine, anaandikiwa vidonge vya prednisoloni, na siku chache baadaye sukari inapanda kama moto wa makuti. Afanye nini? Aviache vidonge? Aache kula? Avumilie tu mpaka dawa imalizike?

Sisi si madaktari, wala hatutaki kuvaa kanzu isiyokuwa yetu. Haya tumeyauliza kwa wenye elimu yake, na tunayaeleza kwa lugha ya nyumbani ili kila familia iyafahamu. Jibu lenyewe lina nguzo mbili. Ya kwanza, mgonjwa asiache dawa yoyote kwa rai yake. Ya pili, asiridhike na kipimo cha sukari cha asubuhi peke yake, kwa sababu kwa mtu anayemeza vidonge hivi, asubuhi huficha yanayotokea alasiri. Nguzo hii ya pili ndiyo wengi wetu hatuijui, na ndiyo inayowaumiza watu.

Dawa yenyewe ni ipi

Juu ya kila figo Mwenyezi Mungu ameweka tezi ndogo. Tezi hizo hutoa homoni iitwayo kortisoli, ambayo huusaidia mwili kustahimili maradhi, njaa na mshtuko. Mwaka 1948 daktari Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, huko Marekani, walimpa mwanamke mwenye baridi yabisi kali dawa ya jamii hiyo, na baada ya siku chache aliyekuwa hawezi kuinuka akaweza kutembea. Mwaka 1950 Hench, pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Prednisoloni, hidrokotisoni na deksamethasoni, ambazo leo tunazipata katika maduka ya dawa, zote ni za ukoo huo. Si zile steroidi za wanyanyua vyuma wanaotafuta misuli; hizo ni za ukoo mwingine.

Kazi ya dawa hizi ni kutuliza uvimbe wa ndani, na ni kazi kubwa. Mwenye pumu iliyombana asiweze kumaliza sentensi, mwenye baridi yabisi, mwenye maradhi fulani ya figo, ya ngozi au ya macho, na baadhi ya wenye saratani, wote huzihitaji. Wakati wa janga la korona, mwezi wa Juni 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitangaza kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo kwa thuluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine. Kwa hiyo atakayewaambia watu kwamba steroidi ni sumu atakuwa amewadhulumu.

Lakini dawa yenye nguvu huwa na gharama. Mwaka uliofuata, 2021, India ilikumbwa na wimbi la maradhi ya kuvu yaliyokula pua na macho ya watu, na wengi wa waliopatwa walikuwa wenye kisukari waliotibiwa korona kwa steroidi huku sukari yao ikiwa juu. Dawa iliyowaokoa wengi iliwafungulia wengine mlango wa balaa, pale sukari ilipoachwa bila mwangalizi.

Kwa nini sukari hupanda

Ini letu ni ghala ya sukari. Tukilala au tukifunga, hutoa kidogo kidogo ili ubongo na moyo visikose chakula. Insulini, inayotoka katika kongosho, huliambia ini lifunge ghala, na huifungulia misuli ili ipokee sukari iliyomo katika damu. Mwenye kisukari cha aina ya pili insulini yake haitoshi, au mwili wake hauisikii vizuri.

Steroidi hufanya mambo matatu kwa pamoja. Hulifanya ini litoe sukari zaidi, huiziba misuli masikio isiisikie insulini, na huipunguzia kongosho uwezo wa kujibu baada ya chakula. Basi hata kama mgonjwa hakuongeza tonge moja, sukari itapanda. Twalisema hili kwa mkazo kwa sababu tumeona wagonjwa wakilaumiwa na watoto wao kwamba wanakula kwa siri, na wakionewa. Hata asiyekuwa na kisukari aweza kupata sukari ya juu kwa dawa hii, hasa mnene, mzee, au ambaye wazazi wake walikuwa nacho.

Sukari kwa saa za sala

Prednisoloni aghalabu huandikwa kumezwa mara moja kwa siku, asubuhi, baada ya chakula. Tuifuate safari yake kwa saa tunazozijua sote. Mgonjwa huamka Alfajiri, hupima kabla ya kula, na mara nyingi hukuta sukari nzuri, kwa kuwa dawa ya jana imekwisha nguvu usiku. Hunywa chai, humeza vidonge. Kufikia Adhuhuri sukari imeanza kupanda. Baada ya chakula cha mchana hupanda zaidi, na baina ya Alasiri na Magharibi hufika kileleni. Baada ya Isha huanza kuteremka, na usiku wa manane hushuka hadi karibu ya pale ilipokuwa. Alfajiri mgonjwa hupima tena, hukuta nzuri, humshukuru Mola wake, na hajui kwamba mchana kutwa figo zake, macho yake na mishipa yake vimeogelea katika sukari.

Deksamethasoni nguvu yake hukaa zaidi ya siku moja, na anayemeza prednisoloni mara mbili kwa siku sukari yake yaweza kuwa juu hata usiku. Lakini kwa anayemeza mara moja asubuhi, na hao ndio wengi, kipimo chenye kusema kweli ni cha alasiri: saa mbili baada ya chakula cha mchana, au kabla ya chakula cha jioni.

Yaliyompata mama mmoja wa Ndara

Kuna mama mmoja wa Ndara, mwenye kisukari cha siku nyingi, aliyekuwa akitumia metformini na mambo yake yakienda sawa. Alishikwa na baridi yabisi ya mikono na magoti, akawa hawezi kukamua nguo wala kushika mchi. Katika kituo kimoja cha matibabu akaandikiwa prednisoloni, vidonge sita vya miligramu 5 kila asubuhi, kisha apunguze kwa majuma. Viungo vikalegea, akasimama, akarudi jikoni. Hakuna aliyemtajia neno juu ya sukari.

Kila alfajiri alipima kwa mashine yake ndogo: 6.4, 7.1, 6.8. Lakini kiu ilimshika, akawa anakunywa jagi zima kabla ya adhana ya Alasiri. Akenda haja ndogo mara kwa mara hata udhu ukawa haukai. Herufi za msahafu zikaanza kumcheza machoni. Mumewe akasema ni joto la Voi. Jirani akasema ni hizo dawa za hospitali, azitupe, yuko mzee wa mitishamba. Mjukuu wake wa shule ya upili, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, ndiye aliyesema, “Bibi, nipe kidole.” Ilikuwa baada ya sala ya Alasiri. Mashine ikaandika 18.6.

Hapo nyumba iligawanyika. Wako waliotaka vidonge vitupwe usiku uleule. Lakini mama mwenyewe alisema neno la busara: “Vilivyoniinua sivitupi mpaka niulize.” Asubuhi akapelekwa Voi na daftari lake. Daktari hakuzikata steroidi. Alimwongezea insulini ya asubuhi, ile yenye rangi ya ukungu, ambayo nguvu yake hupanda mchana pamoja na sukari na kupungua usiku. Akamwambia apime alasiri kila siku. Baada ya siku chache 18 ikawa 11, kisha 9. Kiu ikaondoka.

Kisa hakikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ina funzo kubwa vilevile. Majuma yalipopita vidonge vya prednisoloni vilipunguzwa kutoka sita hadi vinne, kisha viwili, kama ilivyoandikwa mwanzo. Insulini ikabaki palepale, kwa kuwa aliyeandika steroidi na aliyeandika insulini hawakuwa chini ya dari moja, na karatasi ya huyu haikumfikia yule. Alasiri moja mama alianza kutoka jasho la baridi na kusema maneno yasiyoshikana. Mashine ikaandika 3.1. Wakampa maji ya sukari, akarudi katika hali yake. Lau angekuwa peke yake, Mungu ndiye ajuaye.

Ya kufanya tangu siku ya kwanza

Katika kisa hicho twapata mwongozo. Kwanza, mwenye kisukari akiandikiwa dawa yoyote mpya kwa pumu, viungo, ngozi au macho, aulize palepale: “Daktari, je, hii ni steroidi? Mimi nina kisukari. Nipime saa ngapi, na nikipata ngapi nirudi?” Maswali haya si utovu wa adabu. Ni haki ya mgonjwa, na daktari mwema huyafurahia.

Pili, apime angalau mara moja kila siku wakati wa alasiri au kabla ya chakula cha jioni, na anayetumia insulini apime zaidi kama atakavyoelekezwa. Aandike katika daftari tarehe, saa, namba, na idadi ya vidonge alivyomeza siku ile. Namba bila saa haimsaidii daktari. Asiye na mashine asikate tamaa. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya wa nyanjani wamepewa na serikali mikoba ya vifaa, na miongoni mwavyo ni mashine ya kupimia sukari. Mumwombe wa mtaa wenu apitie alasiri badala ya asubuhi.

Tatu, ajue mipaka. Miongozo ya madaktari wa Uingereza kwa wagonjwa waliolazwa wakitumia steroidi hulenga sukari baina ya 6 na 10, na huvumilia hadi 12. Kwa hiyo anayeona zaidi ya 12 siku mbili mfululizo asingoje siku ya kliniki. Apige simu au aende. Na ikiwa namba imepita 15 naye anatapika, amechoka kupita kiasi, anapumua kwa haraka, au akili inamchanganyika. Au mashine haitoi namba bali yaandika HI. Basi hiyo ni dharura, apelekwe hospitali saa ileile.

Hapa twawakumbusha wa Ndara jambo wanalolijua kuliko sisi. Njia za vijiji vilivyo chini ya mlima wa Sagalla si njia za kumkimbiza mgonjwa usiku, na ndovu wa Tsavo hawana habari ya kisukari cha mtu. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi iko Voi mjini, lakini kufika ni mpango. Sukari iliyogunduliwa alasiri humpata mtu angali na mwanga na gari. Iliyopuuzwa hudai safari usiku wa manane.

Kuhusu matibabu yenyewe, daktari ndiye mwenye kuchagua. Kwa baadhi, kuongeza kidogo vidonge vya asubuhi hutosha. Wengine huhitaji insulini kwa muda, na wengi wao huiacha steroidi ikimalizika. Kuandikiwa insulini si hukumu ya kifo wala dalili kwamba maradhi yamefika mwisho. Ni kuongeza nguvu mahali ambapo mzigo umeongezwa. Lakini mtu asijiongezee mwenyewe vidonge vya jioni, hasa vile vinavyoisukuma kongosho itoe insulini, kama glibenklamaidi. Sukari ya steroidi hushuka usiku, na dawa ya usiku ikikutana na mteremko huo, mgonjwa aweza kuanguka akiwa usingizini.

Usiikate ghafla

Twarudi katika nguzo ya kwanza. Mtu anapomeza steroidi kwa majuma kadhaa, zile tezi zilizo juu ya figo huona kazi inafanywa na mwingine, nazo hulala. Dawa ikikatwa ghafla hakuna wa kutoa kortisoli. Mgonjwa hulegea, hutapika, shinikizo la damu huporomoka, na aweza kufa. Ndiyo maana anayezitumia kwa zaidi ya majuma matatu hupunguziwa kwa ngazi ili tezi ziamke pole pole. Anayetupa vidonge vyake kwa kuiogopa sukari anaikimbia mvua na kuingia mtoni.

Na kila ngazi ya kupunguza steroidi iwe pia siku ya kuuliza: “Je, na dawa ya sukari tupunguze?” Dawa mbili zilizopanda pamoja hazina budi kushuka pamoja. Sukari chini ya 4 ni ya chini mno. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, na maneno kuchanganyika. Aliye na fahamu apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda tamu. Ingojwe dakika 15, apimwe tena, na ikiwa bado apewe tena. Kisha ale kitu cha kushiba. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitali.

Sufuria na sahani

Steroidi huongeza njaa, na hili nalo si kosa la mgonjwa. Dawa ya njaa hiyo ni kushiba kwa vitu visivyopandisha sukari kwa haraka. Ardhi ya Taita imejaliwa pojo, kunde na mbaazi, na mboga za majani hazikosekani sokoni Voi. Kimanga cha Wataita, kinachopondwa kwa mihogo au viazi pamoja na kunde au maharagwe, chaweza kuliwa ikiwa mikunde ndiyo mingi na mihogo ni kidogo. Sima iwe robo ya sahani, mboga nusu, na robo iliyobaki samaki, kuku au mikunde. Mahamri, kaimati, mkate wa sinia na chai ya vijiko vinne vingoje mpaka steroidi ziishe, na hata baada ya hapo virudi kwa adabu.

Kwa kuwa sukari hupanda mchana, chakula cha mchana ndicho cha kupunguzwa wanga. Wali wa nazi wa sahani iliyofurika, saa nane mchana, humkuta mgonjwa wakati mwili wake ni dhaifu kabisa wa kuupokea. Kutembea kidogo baada ya chakula, kwa anayeweza, husaidia misuli kuivuta sukari. Hata kwenda kwa miguu msikitini sala ya Alasiri ni tiba na ibada kwa pamoja.

Wengi hutuuliza juu ya asali, na huko Sagalla iko nzuri, maana wakulima wamezungushia mashamba nyua za mizinga ya nyuki ili kuwazuia ndovu. Tunaamini kwamba katika asali mna shifaa kama Kitabu chetu kilivyotufundisha. Lakini shifaa ina kipimo na wakati wake. Kijiko cha asali kwa aliyeshukwa na sukari ni dawa. Kijiko hichohicho kwa mwenye 18 ni kumwagia taa mafuta. Tende nazo ni hivyo hivyo.

Saumu na ruhusa

Wako wanaotaka kujua hukumu ya kufunga. Suratul-Baqara, katika aya zinazofaradhisha saumu, imemtaja mgonjwa na kumruhusu kula na kulipa siku nyingine. Mwenye kisukari ambaye sukari yake inayumba kwa sababu ya steroidi ni mgonjwa asiye na shaka. Kufunga kwake huku mchana sukari ikipanda na mwili ukipoteza maji kwa mkojo ni kujitia hatarini, na dini haikutuamuru hilo. Ale, na alipe dawa zikimalizika na daktari akimruhusu. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona alishe masikini kama ilivyofafanuliwa na wanazuoni. Anayetamani kufunga azungumze na daktari wake majuma kadhaa kabla ya Ramadhani, si usiku wa kuandama mwezi. Asihamishe mwenyewe prednisoloni ya asubuhi kuipeleka futari, kwani saa za sukari yake zitahama pia na dawa zake nyingine hazitalingana nazo.

Na ambaye daktari amemruhusu afunge asiogope mashine. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilitaja kutoa damu ya kupimwa, na sindano zisizo za lishe, miongoni mwa yasiyobatilisha saumu. Basi kujidunga kidole alasiri ya Ramadhani hakumharibii mtu saumu yake, na akikuta sukari imeshuka chini ya 4 ni wajibu wake kufungua papo hapo, hata kama imebaki robo saa adhana iite. Si ushujaa wa dini kuanguka mbele ya sahani ya tende.

Steroidi zisizotajwa

Twaongeza tahadhari moja. Kuna dawa za viungo, za pumu na za kunenepesha zinazouzwa kwa jina la mitishamba, ambazo ndani yake huwa pametiwa steroidi bila kuandikwa. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu juu ya vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama kirutubisho cha viungo, baada ya kupatikana ndani yake deksamethasoni na dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Ikiwa dawa ya kienyeji inaondoa maumivu ya miaka kwa siku mbili, uso ukaanza kuvimba na sukari ikapanda, ichukulie kuwa ina steroidi mpaka ijulikane vingine. Nayo pia usiikate kimya kimya kama umeitumia kwa majuma mengi. Nenda nayo hospitali, na chupa yake.

Kinyume chake, mwenye pumu asiiogope pampu yake. Steroidi inayovutwa kwa kipimo cha kawaida huingia katika damu kidogo sana, na kuiacha ndiko kutakakomfikisha kwenye vidonge. Sindano ya steroidi inayopigwa ndani ya goti au bega yaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, basi naye apime alasiri siku hizo.

Neno kwa jamaa wa mgonjwa

Ndugu zetu, mgonjwa wa kisukari anayemeza steroidi amebeba mizigo miwili, na mmoja wapo haonekani asubuhi. Usingizi humruka, hasira humpanda upesi, na hayo pia ni katika athari za dawa, mvumilieni. Asiachwe peke yake na hesabu za vidonge. Achaguliwe mmoja nyumbani, awe mtoto wa shule anayejua kusoma namba au shangazi mwenye utulivu, ashike daftari, na kila adhana ya Alasiri iwe ndiyo saa ya kipimo. Daftari hilo liende na mgonjwa kila anakotibiwa, ili daktari wa viungo ajue aliyoandika daktari wa sukari, na huyu ayajue ya yule.

Tumeamrishwa kutafuta tiba, na kutafuta tiba hakumaliziki kwa kuzipokea dawa dirishani. Ni pamoja na kuuliza, kupima na kukumbushana. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wa Ndara, wa Voi na kila mahali, na awajaalie wanaowahudumia subira na thawabu. Wabillahi tawfiq.